Misumari Mdomoni (5)

Mkinisoma leo mkacheka, chekeni tu. Mimi machozi yangu yameisha.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sukari dukani kabla hujalisoma, nakukumbusha kwa ufupi.

Mimi ni fundi wa makochi, na hasira zangu zinajulikana mtaa mzima. Baba yangu mzazi ndiye aliyenipa jina la Kiberiti nikiwa darasa la pili, na mpaka leo hakuna aniitaye vingine. Baba huyohuyo sasa hana mguu wa kulia, sukari iliuchukua, na figo zake zimegoma. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne kamili asubuhi, lazima awe amekaa kwenye kiti cha mashine ya kusafisha damu. Daktari alishaniambia bila kunizunguka: akikosa mara mbili mfululizo, tusimlaumu mtu.

Ndiyo maana nina gari. Ni kuukuu, lakini kiti cha mbele nilikitengeneza mwenyewe. Kinateleza, kinageuka mpaka mlangoni, kinampokea baba bila kuligusa lile goti lake moja lisilokunjika.

Na ndiyo maana halmashauri ilitupa kibali cha kuegesha kwenye mistari ya buluu mbele ya geti la hospitali, kwa ada ndogo ya mwaka. Kibali ni stika. Sharti lake ni kwamba ibandikwe kwenye kioo cha mbele, na ikibanduliwa ni batili.

Jiwe likapasua kioo. Fundi akaweka kingine, stika ikaondoka na kile cha zamani. Kesho yake nikafungwa mnyororo wa tairi, nikapigwa faini. Nikapiga kelele, nikalipa, nikapewa karatasi ya muda ya siku kumi na nne.

Hapo akaingia shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Tunamwita Faili kwa sababu hatembei bila faili kwapani. Akasema, "Shemeji, punguza moto. Faini hiyo inarudishwa. Niachie mimi, kule ndani nina watu." Akaleta karatasi, nikasaini. Siku nne tu, hela yangu hiyo hapo mkononi. Tena ilizidi kidogo. Akasema halmashauri imeongeza fidia ya usumbufu.

Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikaamini kwamba halmashauri inalipa usumbufu.

Jumatatu baba akiwa kwenye mashine, nilitoka getini nikakuta mistari ya buluu mitupu. Gari limekokotwa, na siku kumi na nne hazijaisha. Mlinzi wa geti akaniambia wale askari wa maegesho waliipima karatasi yangu kwa kimashine chao, wakasema kibali kimefutwa. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita.

Sasa endeleeni kunisikiliza.

Jumanne saa mbili nilikuwa dirisha la tatu, kitengo cha vibali na marejesho. Karani alikuwa anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu.

"Kibali changu kimefutwa na nani?"

"Mtandao uko chini, mama."

"Sijakuuliza habari za mtandao. Nimekuuliza ni nani."

"Bila mtandao sioni kitu. Lakini ukitaka kibali kipya, unarudisha kwanza stika ya zamani. Na mwenye kibali aje mwenyewe na kitambulisho."

"Mwenye kibali hana mguu!"

"Ndiyo maana ana kibali," akasema, akarudi kwenye sikio lake.

Nilitaka kuingia kwa kupitia lile tundu la dirisha. Waliokuwa nyuma yangu ndio walionishika.

Nikampigia Faili. Simu haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Tangu Jumatatu ilikuwa hivyo, na mdogo wangu aliponipokea simu alisema mumewe yuko mbioni na mambo ya mama yake, hata kulala hajalala vizuri. Sikushangaa. Mama yake Faili naye figo zimegoma, na alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi ya mashine. Wa kwanza kwa miezi minane. Mtu hapati kiti mpaka anayekikalia apone, ahame au afe.

Basi nikaenda kwa fundi wa vioo.

"Kioo changu cha zamani kiko wapi?"

"Dada, vioo vya zamani ni takataka."

"Takataka ziko wapi?"

Akanionyesha rundo nyuma ya karakana, refu kunipita. Nikavaa glavu zangu za kazi nikaanza kuchambua, kioo kwa kioo. Fundi akaja kunitazama mara ya kwanza, akaja mara ya pili, ya tatu akaja na glavu zake. Alasiri tukakiona. Stika ilikuwa pale kwenye kona, nzima kabisa.

"Nikubandulie?" akauliza.

"Thubutu! Ikibanduliwa ni batili. Kata kona yote."

Akakata. Nikakizungushia taulo, nikakibeba kama mtoto mchanga mpaka nyumbani.

Baba alikuwa mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu, amevimba uso kidogo kama anavyokuwa kila inapokaribia siku ya mashine.

"Umepata, Kiberiti?"

"Nimepata. Kesho tunapitia kwao kwanza, wanafungua saa mbili. Saa nne tuko hospitali."

"Na mama yake Faili, amepata nafasi?"

"Bado, baba."

"Maskini. Yule mama alituletea uji kila siku nilipokatwa mguu." Akatikisa kichwa. "Usimsahau."

Jumatano, yaani ile Jumatano iliyoniharibia maisha, tulichukua teksi. Baba alilazwa kiti cha nyuma, mguu wake mmoja umenyooka, kisigino kinagonga mlango. Kila shimo la barabarani aliuma mdomo. Hakulalamika, na kutolalamika kwake ndiko kulikonipandisha mori zaidi.

Saa mbili kamili tuko mlangoni. Dirisha la tatu limefungwa. Saa mbili na nusu, limefungwa. Saa tatu na robo karani akatokea, kikombe mkononi, taratibu, kana kwamba sisi ndio tulioamka mapema mno.

Baba nilikuwa nimemweka kwenye korido kando ya benchi. Foleni nyuma yangu ilishafika watu kumi na zaidi.

Nikafungua taulo, nikaweka kioo mezani. Karani akaruka nyuma.

"Hiki nini?"

"Stika yenu."

"Mimi nilisema stika. Sikusema uniletee gari zima!"

"Soma maandishi yenu hapo chini. Ikibanduliwa inakuwaje?"

Akainama, akasoma. Watu wa foleni wakaanza kucheka. Mzee mmoja akasema, "Leo wamekutana na kiboko yao," na mimi nikavimba kichwa. Nilijiona nimeshinda.

Karani akaandika namba ya stika kwenye kompyuta. Akangoja. Uso wake ukabadilika, akaacha hata kikombe. Akanitazama kwa upole ambao sikuupenda.

"Pole sana, mama."

"Pole nimezichoka. Nataka gari."

"Hapana, pole ya msiba. Ndiyo maana kibali kimefutwa. Mwenye kibali amefariki, wiki ya pili hii."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Nani amefariki?"

"Mzee. Baba yako. Imeandikwa hapa."

"Baba yangu huyo hapo nyuma anakuna goti!"

Karani akanyanyuka, akachungulia. Baba akamwinulia mkono.

"Shikamoo, mzee," karani akasema. Ndiyo, akamwamkia marehemu.

"Marahaba, mwanangu. Niliambiwa nije mwenyewe."

Foleni yote ikaangua kicheko, lakini mimi sikucheka. Damu ilikuwa imepanda mpaka masikioni. Kumbe gari la baba limekokotwa, mgonjwa kapigizwa kisigino mjini kote, mimi nimeshinda kwenye rundo la vioo kutwa nzima, kwa sababu kuna mjinga ofisini kamwandika mtu mzima kuwa maiti!

"Nani kamuua baba yangu?" nikapiga kelele. "Nawauliza! Nani kati yenu kamuua baba yangu?"

"Mama, sisi hatumwandiki mtu hivihivi. Lazima familia ilete tamko."

"Familia ipi? Familia ni mimi! Leta hilo faili!"

"Faili ni la ndani, haliruhu..."

"Leta faili, au nakaa hapa na kioo changu mpaka jua lizame!"

"Mletee!" foleni ikasema. "Mletee mama wa watu!"

Akaenda. Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika arobaini. Nikasimama nikiwahutubia watu. Nikasema ofisi hizi zimejaa wezi. Nikasema mtu akilipishwa faini ya uonevu marejesho huchukua mwaka, lakini kumfutia mgonjwa kibali ni dakika mbili. Bibi mmoja akadakia kwamba yeye anadai rejesho lake tangu mjukuu wake hajazaliwa. Tukapatana vizuri sana.

Karani akarudi na faili jembamba la kijani. Sasa hakuwa mpole tena.

"Karatasi ya kwanza," akasema, "ni ombi la kurudishiwa ada ya miezi iliyobaki. Mwenye kibali akifariki, familia inarudishiwa. Na hiyo haina foleni. Mambo ya msiba tunayamaliza wiki hiyohiyo."

Siku nne. Kama ile hela ya Faili, lakini mdomo wangu ulikuwa umeshashika mwendo.

"Karatasi ya pili ni tamko la kifo."

"Aliyesaini huo uchafu," nikasema, nikiwageukia watu, "mkono wake ukauke! Amzike baba yake yeye, asinizikie wangu! Alaaniwe anapolala na anapoamka!"

"Apate anachostahili!" bibi wa rejesho akaitikia, na wengine wakaitikia nyuma yake.

Akaigeuza karatasi, akaisukuma chini ya tundu la dirisha.

Nikaona mkia.

Mimi nikisaini, herufi ya mwisho naivutia mkia mrefu unaorudi chini ya jina zima. Baba alinifundisha, siku nilipofungua akaunti yangu ya kwanza ya benki. Alisema sahihi isiyo na mkia ni rahisi kuibwa.

Ilikuwa sahihi yangu. Haikughushiwa, nawaapia. Mkono wangu, kalamu yangu, hata doa la gundi ya kochi pembeni.

Niwaeleze ukweli, maana niliahidi tangu wiki ya kwanza kwamba hapa sifichi kitu. Siku Faili alipoleta zile karatasi kiwandani kwangu, nilikuwa napigilia kitambaa cha kochi la watu watatu. Fundi wa makochi, wakati wa kupigilia, misumari yake midogo huiweka mdomoni. Mkono mmoja umevuta kitambaa, mwingine una nyundo, ulimi ndio unaotoa msumari mmoja mmoja. Ukiachia kitambaa kabla hujamaliza mstari, kinarudi, na kazi unaanza upya.

Faili akasema, "Shemeji, hapa, hapa na hapa."

Kwa kawaida mimi ningeuliza maswali ishirini. Nauliza hata bei ya chumvi. Lakini nilikuwa na misumari kumi na minne mdomoni. Nikaguna. Akanishikia kitambaa, mimi nikasaini. Nikakumbuka nilivyofurahi kwamba kuna mtu kanishikia kitambaa.

Karani akagonga kioo cha dirisha. "Ni sahihi yako, si yako?"

Nilisikia magurudumu nyuma yangu. Baba alikuwa anajisukuma mwenyewe, polepole, na watu wakampisha.

"Nipe nione."

"Baba, twende hospitali. Hii tutai..."

"Nipe, Kiberiti."

Nikampa. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, maana macho yake yamefifia. Akasoma jina lake. Akasoma tarehe aliyokufa. Kisha kidole chake kikafuata ule mkia mpaka mwisho.

"Si wako huu?"

Nikainamisha kichwa kukubali.

"Na ile hela uliyonitengenezea mto mpya wa kiti," akasema, "ilikuwa ya maziko yangu?"

"Sikujua, baba! Nilisaini tu! Ni Faili, yule nyoka, nilimkaribisha mwenyewe! Nikimtia mikononi..."

"Usipige kelele."

"Lakini baba..."

"Nimesema usipige kelele." Yeye hakupaza sauti hata kidogo. "Ulisaini ngapi?"

"Nini?"

"Karatasi. Ulisaini ngapi?"

Hapa, hapa na hapa.

"Tatu," nikasema.

Baba akamtazama karani. Karani akapekua faili la kijani, akapekua tena, akalikung'uta.

"Kwetu ziko mbili tu, mzee."

Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika moja.

"Ya tatu tutaitafuta," nikasema. "Sasa hivi twende kwenye mashine. Fungua geti la yadi yenu, nipe gari langu!"

"Hapana, mama." Karani alikuwa ameshika simu ya mezani. "Kutoa tamko la uongo la kifo na kupokea hela ya halmashauri ni kosa la jinai. Namwita mwanasheria. Mpaka aje, wewe hutoki hapa."

"Hutoki wewe! Huyu mtu atakufa kweli!"

"Mzee anaweza kwenda. Wewe, hapana."

Aende na nani? Ajisukume barabarani? Askari wawili wa maegesho walikuwa wameshasimama mlangoni, mmoja anatazama viatu vyake kwa aibu. Nilimtukana karani, nikamtukana askari, nikalitukana lile dirisha. Bibi wa rejesho, aliyekuwa akiniitikia, alikuwa amesogea pembeni na kuukumbatia mkoba wake.

Nikatoa simu nikampigia nesi wa mashine. Tumezoeana naye, miaka miwili sasa, hata kitanda chake cha nyumbani mto wake nimeutengeneza mimi.

"Nesi, dada yangu, nakuomba. Tumekwama halmashauri. Nitampakia mzee kwenye teksi peke yake, mpokeeni getini. Kiti chake mshikilie hata nusu saa."

Nikasikia mashine zikilia nyuma yake.

"Nesi?"

"Kiti gani tena, dada?"

"Kiti cha baba! Saa nne!"

"Si mmemhamisha?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa. "Barua yako imefika jana jioni. Kwamba familia mnampeleka hospitali nyingine na nafasi mmeiachia anayefuata. Mimi hata nilisikitika, nikasema miaka miwili yote, na hukuja hata kuniaga."

Karatasi ya tatu.

"Nesi, nisikilize. Hiyo barua si ya kweli. Mtoe huyo mtu kwenye kiti. Mtoe sasa hivi, tunakuja!"

"Siwezi. Ameshaunganishwa saa nne kamili, damu iko kwenye mirija. Simchomoi mtu, dada."

"Huyo ni nani? Nani kakaa kwenye kiti cha baba yangu?"

"Kwani hujui? Si mama yake shemeji yako." Nikasikia nesi akiweka mkono kwenye simu, akiongea na mtu pembeni, kisha akarudi. "Yuko hapa, amekusikia ni wewe. Analia kwa furaha. Anasema nikwambie hajawahi kutendewa wema kama huu, na Mungu akulipe."

Simu nikaishusha. Kioo kilikuwa bado mezani juu ya taulo, na stika yake nzima kabisa.

Baba akanivuta upindo wa nguo, kama anavyofanya akitaka maji.

"Vipi, mwanangu? Wanatusubiri?"